Komeo Lililokataa Kufunga

Chekeni tu. Najua mnavyosema hapa Otonglo: ati Wepukhulu ni fundi wa chuma, mtu wa kuwatengenezea wenzake mageti na makomeo, lakini kwake milango inafungwa kwa kamba ya katani. Ni kweli. Mlango wa mbele kamba, wa jikoni kamba, hata choo ni kamba. Mke wangu Nangila alilalamika mpaka akachoka. Mgeni akija anazungusha ile kamba kwenye msumari mara mbili, anauliza, "Fundi, kwani umekosa komeo?" Sijakosa. Niliyatoa yote kwa mkono wangu nikayatupa kwenye vyuma chakavu, kwa sababu kila moja likifunga nilikuwa nasikia sauti ile. Klak. Na nikiisikia, namwona Mzee Zadock amesimama mbele yangu katika koti lake la kahawia, ananishukuru.

Lakini sikukaa chini kusimulia habari zangu. Nataka niwaambie habari za Dishon Ooko, mdogo wake Zadock, maana mnamsema vibaya. Mnasema ni yule aliyeunda bunduki iliyomuua ndugu yake. Anayesema hivyo hajui chuma, na Dishon hamjui hata kidogo.

Karakana ya Dishon iko kule chini, njia inayoteremka ziwani. Mabati manne, ukuta mmoja wa matofali, na benchi ya mbao imeegemea ukuta huo. Alitengeneza injini za boti, mashine za posho, baiskeli, chochote. Mtu mwembamba, mpole, mkono wake wa kushoto una vidole vinne kwa sababu kimoja kililiwa na mkanda wa mashine ya posho. Mimi napima kwa vyombo. Yeye alikuwa akipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, anafumba macho, halafu anasema, "Bado." Watu wakamwita Fundi Bado. Ukienda kuchukua injini yako siku aliyokuahidi, bado. Ukienda tena, bado. Utamtukana, utaapa humrudii. Lakini siku akikupa, hiyo injini utazeeka nayo. Mimi nilimwonea wivu, sasa nasema wazi. Mimi ndiye mwenye mashine kubwa ya kukereza chuma, mimi ndiye ninayefanya kazi haraka, na bado watu walipotaka kazi ya kudumu walinipita hapa barabarani wakateremka kwake.

Mwaka juzi mwezi wa nne, kijana wa Zadock, Amolo, alikwenda asubuhi kumwagilia sukuma wiki kando ya maji. Kiboko akatoka kwenye matete. Sitaeleza zaidi. Zadock alikuwa mjane, na Amolo ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Baada ya mazishi mzee akaacha kula, akaacha kwenda ziwani, akaacha hata kunyoa. Shamba lake likageuka kichaka. Na la Dishon likageuka kichaka vilevile, maana kwao Wajaluo mdogo hatangulii mkubwa kupanda. Mkubwa asipotia mbegu ardhini, mdogo anakaa na jembe lake na kungoja. Misimu miwili Jentrix, mke wa Dishon, alinunua mahindi sokoni na shamba lake liko pale analitazama. Hakulalamika.

Siku moja Zadock akaenda karakana akamwambia mdogo wake, "Nitengenezee bunduki." Alikuwa na risasi saba ndani ya kopo la maziwa ya unga. Baba yao alikuwa na bunduki ya leseni zamani. Bunduki ilirudishwa serikalini alipokufa, hizo risasi zikasahauliwa juu ya kabati. Dishon akasema, "Owadwa, ndugu yangu, hiyo ni jela." Zadock akajibu, "Basi nitaenda na mkuki."

Haya, wewe ungefanyaje? Kiboko si ng'ombe. Mtu mzee aliyekonda akimfuata kwenye matete, awe na mkuki, awe na bunduki, harudi. Sisi sote tulilijua hilo, na nadhani Zadock alilijua kuliko sisi sote. Hakuwa anataka nyama ya kiboko. Alitaka kwenda alikokwenda Amolo. Na ndugu mkubwa akiomba kitu, mdogo hana mdomo wa kusema hapana. Dishon akakuna kichwa, akasema, "Sawa. Nitakutengenezea. Lakini chuma kinataka subira." Haya yote niliambiwa na Jentrix baadaye, wakati hayakuwa na faida tena.

Baada ya miezi mitatu hivi, bunduki ikawa imeshaundwa. Mimi niliiona. Nilikuwa nimeshuka kuazima tupa kwa Dishon, nikakuta Zadock ameketi kwenye ile benchi, na Dishon ameibana ile kitu kwenye vaisi, juu yake ametupa gunia.

"Yawa, Wepukhulu, funga mdomo wako," Dishon akaniambia.

"Umefungwa. Ni nini hiyo?"

Akanionyesha. Jamani, ilikuwa nzuri. Mbao ya mti wa msituni imelainishwa mpaka inang'aa, vyuma vimekaa inavyotakiwa. Kasoro ilikuwa moja. Risasi ilikuwa inaingia, inaingia, halafu karibu na mwisho inasimama. Na risasi isipokaa sawasawa, komeo la nyuma haliwezi kuteremka, na komeo lisipofunga bunduki si bunduki, ni mwiko wa ugali. Dishon akalisukuma mbele yetu. Likakataa.

"Pengine risasi zimevimba kwa uzee," akasema.

"Pengine ni kutu," Zadock akasema.

"Pengine fundi," nikasema mimi, nikacheka peke yangu.

Tangu siku hiyo nikawa nashuka kila Jumanne na Ijumaa, kwa sababu ndizo siku Zadock alizokuja kuuliza. Ikawa kama kikao. Jentrix analeta uji, Dishon anatoa gunia, anaweka risasi, inakwama, tunaanza kubishana. Wiki hii Dishon anasema komeo ni refu. Wiki ijayo anasema komeo ni sawa, mtutu ndio haukunyooka. Anasugua hapa, anapuliza pale, anapitisha ukucha, anafumba macho. "Bado." Mimi nilimchokoza sana. "Omera, ndugu, hata mwanamke akijifungua mapacha hachukui muda huu! Nipe mimi saa moja." Yeye anatabasamu tu. "Wacha nisumbuke nacho, Wepukhulu. Chuma hiki kigumu."

Niliona mambo, lakini sikuyaelewa. Nilimwona Zadock siku za kwanza ameketi pale kama gunia tupu, uji unapoa mikononi. Baadaye nikamwona anaumaliza. Baadaye anaomba kikombe cha pili. Akaanza kutoa maoni yake juu ya ile risasi, akaudhika tukimpinga, akachora kwa kijiti kwenye vumbi. Siku moja akaja amenyoa. Siku nyingine, nikiwa nasimulia mambo ya shemeji yangu aliyeuza mbuzi wa jirani, mzee akacheka mpaka akashika mbavu, halafu ghafla akatazama chini, kama ameona haya. Dishon akaondoka pale akaenda nyuma ya karakana. Nilidhani amekwenda haja ndogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, nikasema ni moshi.

Mwezi wa pili mwaka jana, baba mkwe wa Dishon akafariki kule Awasi. Dishon na Jentrix wakaenda matangani siku nne. Ikafika Ijumaa. Zadock akateremka karakana kwa mazoea, akakuta imefungwa. Hakuna uji, hakuna ubishi. Ufunguo alijua ulipofichwa. Saa sita mchana alikuwa hapa kwangu, gunia begani na kopo la risasi mkononi.

"Bwana Wepukhulu," akasema, "wewe husema saa moja."

Na mimi, kwa kiburi changu, nilifurahi. Nilimwona akilini Dishon anarudi kutoka Awasi, namwambia ile kitu iliyokushinda miezi sita, mimi nimeimaliza kabla ugali haujaiva. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Sikumfikiria kiboko wala Amolo, wala huyo mzee aliyekuwa amesimama mlangoni.

Babu yangu alikuwa mhunzi kule kwetu Bungoma. Mtu akija kutaka mkuki, babu alimuuliza kwanza, "Unakwenda kuua nini?" Jibu lisipomridhisha, moto aliuzima. Na akimaliza kazi hakumpa mtu mkuki mkono kwa mkono. Aliuchomeka ardhini, akageuka, mwenyewe aje auchomoe, ili damu isifuate mkono wa mhunzi. Nilifundishwa hayo nikiwa bado sijavaa viatu. Siku ile sikuuliza. Nilifunga mlango, nikavaa miwani.

Namna nilivyofanya sitasema, si somo la kumpa mtu. Nitasema tu nilichokiona. Ndani kabisa, pale risasi inapokomea, kulikuwa na sehemu nyembamba imebana, imezunguka pande zote. Kosa la fundi huwa limepinda. Utaona tupa iliteleza, utaona mkono ulichoka. Pale hapakuwa na mteremko wala mkwaruzo. Palikuwa pamelainishwa, pamenyooka kama pete ya harusi. Nilipitisha kidole juu yake nikashangaa. Nikasema, ajabu, huyu bwana amefanya kazi safi hivi halafu amesahau unywele mmoja wa chuma. Nikauondoa huo unywele.

Nikaweka risasi. Ikaingia. Nikasukuma komeo, likateremka polepole, halina kelele, halafu mwisho kabisa, klak.

Zadock aliusikia huo mlio akafunga macho. Nilikuwa nimeshaitoa ile risasi nikamrudishia kwenye kopo. Akanyoosha mikono miwili. Nami nikampa, mkono kwa mkono. Akaniambia, "Asante, ndugu yangu. Umenitua mzigo." Akaifunga kwenye gunia akavuka barabara, na koti lake la kahawia, anatembea vizuri tu.

Nikala chakula changu nimeshiba sifa. Kama saa tisa hivi nikampigia Dishon simu, nimchokoze.

"Fundi Bado! Ile kitu imefunga!"

Nilisikia watu wanaimba nyimbo za kanisa nyuma yake. "Kitu gani?"

"Bunduki ya Mzee. Unywele mmoja tu ulikuwa unabana, nimeutoa. Komeo linateremka kama limepakwa samli."

Akauliza taratibu sana, "Zadock yuko wapi?"

"Ameondoka nayo."

Sijawahi kusikia mtu mzima akipiga yowe namna ile kwenye simu. "Mshike! Wepukhulu, mshike! Mayie, mshike ndugu yangu!" Simu ikaanguka, nikawa nasikia tu watu wanauliza kuna nini.

Hapo ndipo akili ilinirudia, na ilirudi yote kwa mpigo. Ile pete iliyonyooka. Uji. Moshi usiokuwepo. Nilikimbia na vazi langu la kazi, nikadandia pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikamwambia dereva ziwani, ziwani! Tulipofika kwenye karakana mlango ulikuwa wazi na benchi tupu. Nikateremka mbio kuelekea kwenye matete, naita, "Mzee! Mzee Zadock! Ngoja kidogo, kuna kitu nimesahau!" Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka kuichukua tena ile bunduki, niseme bado.

Nikasikia mlio mmoja. Ndege wote wakaruka. Halafu maji yakapasuka, na ukelele, halafu kimya.

Wavuvi ndio walimtoa, pale pale walipomtoa Amolo. Kiboko alikuwa amejeruhiwa begani, akawa amezama zake. Bunduki ilikuwa kwenye matope na komeo limefunga vizuri.

Dishon alifika kutoka Awasi jua likikaribia kuzama. Polisi walikuwa pale, watu wamejaa. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono yangu imejaa mafuta, kila mtu angeweza kuiona. Afisa akainua ile kitu akauliza ni ya nani. Dishon akapita katikati ya watu, akapiga magoti, akamfunika ndugu yake uso kwa shuka, ndipo akajibu, "Ni mimi niliyetengeneza."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akanitazama. Mara moja tu, kama mtu anayepitisha ukucha juu ya chuma. Nilikuwa na mdomo unaosema Jumanne na Ijumaa kwa miezi, unaojua kila kitu, siku hiyo ukafungika. Nikamwacha achukuliwe. Kortini nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakimu akauliza kama kuna mtu alimsaidia, akasema hakuna. Akapewa miaka saba. Zadock alizikwa mdogo wake akiwa mahabusu, hakumtupia hata konzi ya udongo. Kwa watu hawa, kunyimwa hilo ni adhabu kuliko ile ya hakimu.

Siku ya mazishi Jentrix alinipeleka ndani ya nyumba ya marehemu tuhamishe viti. Nyuma ya mlango kulikuwa na ungo, ndani yake mahindi ya mbegu, yamechaguliwa punje kwa punje, na jembe pembeni limetiwa mpini mpya. Jentrix akauangalia ungo, akaniangalia mimi. "Alimwambia baba Akello siku tunaondoka," akasema. Baba Akello ni Dishon. "Alisema, mkirudi tupande." Kisha akanieleza ile pete ndani ya bunduki, nani aliiacha na kwa nini, akaufunika ungo kwa leso. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo makomeo yakaanza kunisumbua. La geti, la choo, la dirisha. Klak, na mzee yuko mbele yangu mchana kweupe, ananyoosha mikono miwili. Karakana ile sipiti, nazungukia kwa jirani zangu kina Naswa, kwa sababu nikipita namwona kwenye benchi, kikombe mkononi, anangoja nije tubishane. Mchungaji aliniombea. Ndugu zangu wa Bungoma wakachinja jogoo wa kunitakasa. Nikatoa makomeo, nikanunua kamba.

Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda jela kumwona Dishon. Amekonda zaidi. Wamempa kazi kwenye karakana ya wafungwa, na nasikia huko nako wanamwita Fundi Bado. Tukaketi, meza katikati, askari mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea.

"Nitawaambia," nikasema. "Nitaenda leo niseme ni mimi niliyemaliza ile kazi."

"Ukisema, Zadock atarudi?"

Nikainamisha kichwa.

"Basi kaa nje. Mtengenezee Jentrix mlango wa ghala, mchwa wameula." Akatazama mikono yangu juu ya meza kwa muda mrefu. "Ulitoa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kucha mbili, nimeziacha karibu kugusana.

Akatikisa kichwa. "Kila Jumamosi nilikuwa naupima huo unywele," akasema. "Nilikuwa naogopa nisije nikautoa kwa bahati mbaya. Yeye hakuwa anataka kiboko tena, Wepukhulu. Alikuwa anakuja tu kukaa. Ningeendelea kusema bado, angekaa."

Nikalia pale, mtu mzima, mbele ya askari. Dishon akanyoosha mkono wake wa vidole vinne akanishika kiganja, akaniacha nilie mpaka muda ukaisha. Akasimama mwenyewe, akaingia kwenye lango lake. Askari akalivuta, akasukuma komeo. Klak. Nilishtuka nikashika ukuta. Na kupitia vyuma nikamwona Dishon naye ameshtuka, mabega yake yamepanda juu, amefumba macho. Nikajua na yeye humwona Zadock. Asubuhi wakifunguliwa, mchana, jioni wakihesabiwa, kila siku, miaka saba.

Mimi nyumbani nina kamba. Yeye kule hana.